Macdonald, mpimaji aliyetangulia reli

Msafiri anayekwenda Isiolo kwa njia ya Nanyuki huiacha baridi ya Mlima Kenya nyuma yake, akateremka, mara akaiona nchi imefunguka mbele, kavu na pana, haina mwisho. Hapo ndipo mlango wa Kaskazini. Zama za utawala wa Kiingereza mlango huo ulikuwa na kizuizi chake, na mtu hakupita bila ya ruhusa ya Serikali. Mji wenyewe una misikiti, una soko la mifugo, una Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Una kila kilicho cha mji wa njia panda ila kitu kimoja tu, nacho ni reli. Reli itokayo Nairobi ilifika Nanyuki mwaka 1930 ikasita papo hapo, na Isiolo ikabaki kuusikia mlio wa gari la moshi katika hadithi za wasafiri.

Tarehe 2 Machi 1982 haikuwa siku ya reli, wala 1992, wala 2002. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 2 Machi 2012, pale Lamu, Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudani ya Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Uhabeshi walipozindua bandari mpya pamoja na njia zake: barabara, bomba la mafuta na reli. Katika ramani ya mradi ule Isiolo ndiyo fundo. Reli itoke Lamu ifike Isiolo, na hapo igawanyike, tawi moja lishike njia ya Moyale kwenda Uhabeshi, na jingine liende Sudani ya Kusini. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Reli haijafika Isiolo, lakini habari za wapimaji zimekwisha kuzoeleka huko, kwani popote reli inapotakiwa kupita, mpimaji hutangulia.

Basi nimeona si vibaya tumtazame mpimaji aliyetangulia reli ya kwanza ya nchi hii, ile iliyotoka kwetu Mombasa kwenda Ziwa la Nyanza. Tumjue alikuwa nani, alifanya nini, na alituachia nini, ili wanaoingoja reli wajue mpimaji ni mgeni wa namna gani.

MWANAFUNZI WA ABERDEEN

Jina lake James Ronald Leslie Macdonald. Alizaliwa Februari 1862, akasoma Aberdeen, katika nchi ya Uskochi, na baadaye akaingia chuo cha kijeshi. Mwaka 1882 akawa ofisa katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la Kiingereza. Kikosi hicho kilikuwa na watu wa namna ya pekee, askari anayejua hesabu, mwenye upanga ubavuni na kalamu mfukoni.

Serikali ikampeleka Bara Hindi. Huko, katika mpaka wa kaskazini-magharibi, Waingereza walikuwa wakipitisha reli katika majabali na mabonde ili jeshi lao lifike upesi. Macdonald akajifunza kazi yake katika nchi ngumu. Alijifunza kwamba gari la moshi si punda. Punda hupanda kilima kwa mguu wake, lakini gari la moshi likiona mwinuko mkali hushindwa, magurudumu yakateleza juu ya chuma. Kwa hiyo mpimaji haulizi tu njia fupi iko wapi. Huuliza mlima unapandika wapi, maji yanapatikana wapi, mto unavukika wapi, na kuni au makaa yatatoka wapi.

Wakati huo Pwani yetu ilikuwa katika mageuzi makubwa. Sultani wa Unguja alikuwa amekwisha kuikodisha sehemu ya Mombasa kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na Kampuni ilikuwa na tamaa ya Uganda. Lakini Uganda ilikuwa mbali, na mzigo wote ulikwenda kichwani na mabegani mwa wapagazi. Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili hivi, akatembea miezi. Gharama ikawa kubwa hata Kampuni ikaanza kuishiwa. Wakubwa wa London wakaona dawa ni reli, na kabla ya reli, ipimwe njia. Serikali ya Kiingereza ikakubali kutoa pauni 20,000 kwa kazi hiyo, na Kapteni Macdonald, akiwa na umri usiotimia miaka thelathini, akateuliwa kuiongoza.

MSAFARA WA MWAKA 1891

Aliondoka Mombasa mwishoni mwa Desemba 1891. Pamoja naye walikuwako maofisa wenziwe Pringle, Twining na Austin, na Wahindi waliojua kazi ya upimaji. Msafara wote ulikaribia watu 400, na wengi wao walikuwa watu wa Pwani: wanyapara, askari, wapishi na wapagazi.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asite kidogo. Tunaposema Macdonald aliipima njia ya reli tusidhani mtu mmoja alikwenda na dira yake porini. Mnyororo wa kupimia una ncha mbili, na kila ncha ilishikwa na mtu. Sanduku la vipimo lilibebwa na mtu. Maji ya kuvukia nyika ya Taru yalibebwa na watu, na aliyepungukiwa na maji Taru alijua kwamba Mungu peke yake ndiye wa kumnusuru. Njia nyingi walizozifuata wapimaji wale zilikuwa njia za misafara, zilizokwisha kukanyagwa na Waswahili, Wakamba na Waarabu tangu zamani. Visima, vivuko na mahali pa kununua chakula vilijulikana na wanyapara kabla ya Mzungu kuviandika.

Macdonald akaigawa safari mafungu, kila fungu likajaribu upande wake, kisha wakakutana na kulinganisha. Toka Pwani wakapanda kwa Tsavo, wakapita Kibwezi, wakaingia nyanda za Machakos, wakafika nchi ya Kikuyu. Mpaka hapo kazi ilikuwa ya jua na kiu. Toka hapo ikawa ya milima. Nchi ya Kikuyu inakatika ghafula ikaanguka katika Bonde la Ufa, na ng'ambo ya bonde, baada ya Naivasha na Nakuru, inasimama Mau, ukuta mwingine. Kuuteremsha ule ukuta wa kwanza na kuupanda wa pili bila ya kulishinda nguvu gari la moshi, hilo ndilo lilikuwa fumbo la kazi yote.

Walifika ziwani, wakazunguka, wakarudi. Kufikia Septemba 1892 kazi ya nje ilikuwa imekwisha. Hesabu ya Macdonald ilikuwa hivi: toka Mombasa hadi ghuba ya Berkeley, karibu na mpaka wa leo wa Kenya na Uganda, maili 657, na gharama pauni 2,240,000. Kwa kipimo cha siku zile, na kwa nchi ambayo sehemu kubwa yake haikuwa na ramani, ilikuwa kazi ya ustadi. Anayesema kweli hamnyimi mtu haki yake, na haki ya Macdonald ni hii, kwamba alithibitisha kwa tarakimu kwamba reli inawezekana.

MPIMAJI ANAGEUKA MTAWALA

Lau Macdonald angalirudi kwao wakati ule, jina lake lingalikaa katika vitabu vya wahandisi tu. Lakini hakurudi. Januari 1892, yeye akiwa katika upimaji, vita vilikuwa vimezuka Mengo baina ya Waganda wafuasi wa Wafaransa, yaani Wakatoliki, na wafuasi wa Waingereza, yaani Waprotestanti. Kapteni Lugard wa Kampuni alikuwa upande wa hawa wa pili. Malalamiko yakafika Ulaya, na Macdonald akaamrishwa arudi Uganda akachunguze. Ripoti yake ilimlaumu Lugard, na wawili wale hawakupatana tena.

Machi 1893 akaja Sir Gerald Portal kuichukua Uganda kutoka mikononi mwa Kampuni. Mwishoni mwa Mei akaondoka, akamwachia Macdonald utawala. Ndivyo mpimaji wa reli alivyojikuta amekalia kiti cha hukumu, na hapa habari yake inaingia katika habari za Waislamu.

Uislamu ulifika Buganda kwa njia ya misafara ya biashara, kabla ya mapadri. Waislamu wa Buganda walikwisha kupigana na Wakristo, wakashindwa, na mwaka 1892 mkubwa wao Mbogo, ndugu yake Kabaka Mutesa, akafanya amani na Waingereza. Walipewa majimbo matatu, nao waliyaona machache kwa wingi wao. Juu ya hayo, nchini mlikuwa na askari wa Kisudani, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, ambao Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 akawaleta kuilinda Uganda. Mkubwa wao alikuwa Selim Bey, Mwislamu, mzee wa vita, aliyekwisha kuingiwa na ugonjwa.

Juni 1893 Waislamu wa Buganda wakakataa kazi za kulazimishwa walizotakiwa wamfanyie Kabaka, na fitina ikapanda. Selim Bey akapeleka neno kwamba wasishambuliwe. Macdonald akaliona neno lile kuwa ni dalili ya njama: Waislamu wa nchi na askari wa Kisudani wakiungana, Wazungu wachache watafanya nini? Akawanyang'anya Wasudani wa Kampala silaha zao, akaenda Entebbe akamkamata Selim Bey. Mbogo akajisalimisha. Waislamu wakapigwa na kusukumwa magharibi, na majimbo mawili katika yale matatu wakanyang'anywa. Mbogo akapelekwa uhamishoni Unguja, asirudi mpaka mwaka 1895.

Selim Bey alihukumiwa kufukuzwa nchini. Akateremshwa kuja Pwani, mgonjwa, kwa njia ile ile ya misafara ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa ikipimwa kwa ajili ya reli. Hakufika. Alifia Naivasha mwaka ule ule wa 1893. Lugard, ambaye alimjua Selim na kumwamini, hakuiridhia hukumu ile.

Je, palikuwa na njama? Wako wanaosema Macdonald alizuia vita kabla havijaanza, na wako wanaosema aliogopa kivuli. Lililo wazi ni matokeo yake. Baada ya Juni 1893 nguvu ya Waislamu katika mambo ya utawala wa Buganda ilivunjika, na ikawa ni ya Wakristo. Hata hivyo dini haikufa. Mbogo alirudi, akaishi mpaka mwaka 1921, na mwanawe Badru Kakungulu ndiye aliyetoa ardhi ya kilima cha Kibuli ulipojengwa msikiti maarufu.

MAASI YA WASUDANI

Miaka minne baadaye, mwaka 1897, Macdonald akarudi tena, sasa akiwa na cheo cha juu zaidi. Mbele ya watu safari yake ilikuwa ya kutafuta chimbuko la mto Juba. Kwa siri, shabaha ilikuwa kuiwahi Naili ya juu kabla ya Wafaransa. Akapewa askari wa Kisudani kutoka Uganda wamsindikize.

Askari wale walikuwa wamechoka. Walikuwa wamehamishwa kutoka vita hadi vita, mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa mpagazi wa Pwani, tena ulichelewa. Hawakuelezwa wanapelekwa wapi, na walilalamika kutengwa na wake na watoto wao. Septemba, huko Eldama Ravine, wakakataa kwenda. Wakashika njia ya kurudi Uganda, wakaiteka ngome ya Luba katika nchi ya Busoga, chini ya Mabruk Effendi. Tarehe 19 Oktoba wakapambana na Macdonald, na baada ya vita hivyo wakawaua Wazungu watatu waliowashika mateka, Meja Thruston akiwa mmoja wao. Desemba, Norman, ndugu yake Macdonald mwenyewe, aliuawa katika mapigano ya hapo Luba.

Na nani aliyekuwa upande wa Macdonald siku ile ya kwanza? Masingasinga wachache, na Waswahili zaidi ya mia tatu waliotoka Pwani kwa ujira wa safari, wakajikuta vitani. Mwislamu wa Pwani akimlenga Mwislamu wa Sudani, na vita si vya huyu wala vya yule. Maasi yalizimwa mwaka 1898. Wasudani waliobaki watiifu na vizazi vyao ndio asili ya Wanubi wa Kibera na kwingineko. Walitumikia jeshi miaka mingi, wakakaa Kibera tangu mwanzo wa karne iliyopita, na hati ya ekari 288 wakaja kuipata mwaka 2017.

Macdonald aliendelea kaskazini mwaka 1898, akafika nchi za kusini mwa Sudani, akarudi Mombasa mwanzo wa 1899. Wafaransa walikuwa wamekwisha kumtangulia Fashoda.

RELI NA UZEE WAKE

Nayo reli ilikuwa inakuja. Bunge la London lilibishana sana, mwisho likakubali. Reli ya kwanza iliwekwa Mombasa tarehe 30 Mei 1896 chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu Desemba 1901. Haikufuata mstari wa Macdonald wote. Wapimaji waliokuja nyuma yake, na Pringle mmoja wao, walitafuta njia fupi zaidi ya kuivuka Mau, wakaiteremsha Kisumu, na urefu ukapungua hata ukawa chini ya maili 600. Njia ikapungua, gharama ikazidi: badala ya pauni milioni mbili na robo za Macdonald, zilikwenda zaidi ya milioni tano. Wafanyakazi walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwa karibu 32,000, na 2,493 kati yao walikufa. Katika nchi ya Wanandi upinzani haukwisha mpaka Koitalel alipouawa mwaka 1905.

Macdonald hakuwapo. Mwaka 1897 alitoa kitabu juu ya uaskari na upimaji wake huku kwetu. Kisha akaenda China, akasimamia reli za jeshi, na mwaka 1903 na 1904 akaongoza jeshi lililoingia Tibet, ambako mamia ya Watibeti waliuawa kwa bunduki za mzinga. Serikali yake ikampa heshima ya Sir. Alikufa Bournemouth, Uingereza, mwaka 1927, akiwa mtu mzima wa miaka 65.

SOMO LA ISIOLO

Nini basi urithi wa mtu huyu? Wengine watasema ni reli, na kweli ana sehemu yake. Watu walitoka Mombasa na sanduku la bati wakashuka Nairobi, Nakuru na Kisumu. Na lugha yetu ikasafiri nao, na misikiti ikasimama karibu na stesheni. Hayo yote yalipita juu ya mstari ambao yeye na watu wake walitangulia kuuchora.

Lakini urithi wake wa pili ni funzo. Mpimaji husema amekuja kupima tu. Anaangalia kilima, anaandika tarakimu, anaondoka. Maisha ya Macdonald yanaonyesha kwamba kipimo hakiji peke yake. Aliyetumwa kuipima nchi mwaka 1891 ndiye aliyeihukumu mwaka 1893 na kuipiga mwaka 1897. Hakubadilika yeye. Kazi ilikuwa moja tangu mwanzo, nayo ni kuifanya nchi ya watu ifikike na wenye nguvu. Na katika kila hatua alihitaji miguu ya watu wetu, ambao majina yao hayakuchorwa katika ramani yoyote.

Mwaka 2019 reli mpya ya Kenya ilisogea mpaka nchi ya Naivasha, alikofia Selim Bey. Abiria anashuka hapo na mizigo yake, na ni wachache wanaojua kwamba jirani na hapo amelala mzee aliyeletwa kwa nguvu katika njia hiyo.

Siandiki haya ili Isiolo iikatae reli. Anayeishi mbali na bandari anajua bei ya gunia la unga, na reli ni neema ikija kwa haki. Naandika ili mpimaji akifika asipokewe kwa vigelegele tu, wala kwa mawe. Aulizwe. Mstari unapita wapi, na malisho ya nani? Kisima kilichoko njiani kitakuwa cha nani kesho? Ardhi za jamii zina sheria yake tangu mwaka 2016, na jamii iliyoandikisha ardhi yake mapema ina la kusema mezani. Isiyoandikisha itakuta ramani imekwisha kuchorwa.

Na wale vijana wa Isiolo watakaoajiriwa kushika ncha ya pili ya mnyororo, waandikwe majina yao. Wapagazi wetu wa mwaka 1891 waliibeba reli kabla haijawa chuma. Walilipwa ujira wao, wakarudi Mombasa wale waliojaaliwa kurudi, na hesabu yao ikafungwa. Mwenyezi Mungu awarehemu, wao na Selim Bey, na wote waliolala kandokando ya njia ile.